Anayebisha Hodi Siye Anayezalisha

Hoja iliyo mezani ni hii: mhudumu wa afya ngazi ya jamii ndiye atakayepunguza vifo vya wajawazito vijijini. Nchini Tanzania hoja hiyo imekwishatoka kwenye semina na kuingia kwenye mipango ya serikali. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa miaka mitano wa kuandaa wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji na kila mtaa, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Kenya ilikuwa imetangulia kwa miezi michache: Septemba 2023 Rais William Ruto aliwakabidhi vifaa vya kazi wahudumu wa jamii wapatao 100,000, na posho yao ya shilingi 5,000 za Kenya kwa mwezi ikagawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti. Jeshi kubwa namna hiyo haliandaliwi bila imani kubwa nyuma yake, na imani hiyo ndiyo ninayotaka ihojiwe. Watakaoihoji ni wasemaji wasio na majina, kwa kuwa kila mmoja wao anabeba maneno ya wengi: afisa wa mpango, muuguzi mkunga wa zahanati, mchumi wa halmashauri, na mhudumu mwenyewe. Bibi mkunga wa jadi ataingia baadaye bila kualikwa, kama ilivyo kawaida yake. Mimi nitakalia kiti cha mwenyekiti, ila mwenyekiti asiyeficha upande wake.

Afisa ndiye wa kwanza kusimama. "Waheshimiwa, takwimu zinajisemea. Utafiti wa taifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha wanawake 556 wakifariki kwa sababu za uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa 2022 umekuta 104. Wanaojifungulia katika vituo vya afya wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Miaka yote hiyo wahudumu wa kujitolea walikuwa wanazunguka nyumba kwa nyumba. Na kama mnaona Tanzania haitoshi, tazameni majirani zetu wa Rwanda: vifo 1,071 mwaka 2000, vifo 203 katika utafiti wa 2019-20, na wanawake 93 katika kila 100 wanajifungulia kituoni. Kila kijiji cha Rwanda kiliwekewa mhudumu ambaye kazi yake ilikuwa wajawazito na watoto wachanga. Mnataka ushahidi gani tena?"

Nataka ushahidi unaomtenga mhudumu na vingine vyote vilivyotokea wakati mmoja naye, na huo afisa hajauleta. Tuanze na ile 104 yenyewe. Kifo cha uzazi ni tukio adimu katika sampuli ya kaya. Utafiti wa namna hii huwauliza wanawake habari za ndugu zao waliofariki, kisha hukokotoa, kwa hiyo jibu huja na nafasi pana ya kukosea. Mashirika ya Umoja wa Mataifa, kwa njia yao ya kukadiria, yaliiwekea Tanzania 238 kwa mwaka 2020. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ni kubwa, ingawa zote zinakubali kwamba vifo vimepungua, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini vimepungua katika miaka ambayo mamia ya vituo vya afya viliboreshwa na vingi vikapata vyumba vya upasuaji, pikipiki zikafika vijiji ambavyo basi halikuwahi kufika, na mfumo wa m-mama ukaanza kumtoa mzazi kijijini kwa namba ya bure ya 115, ukimtuma dereva wa jirani pale gari la wagonjwa lisipokuwapo. Rwanda nayo ilikuwa na bima ya afya ya jamii iliyoenea karibu nchi nzima, na vituo vilivyolipwa kulingana na kazi. Kumpa sifa zote anayebisha hodi, huku dereva, mpasuaji na mtoa dawa ya usingizi wakisahaulika, ni kutogawa sawa. Tunachohitaji ni nchi ambayo wahudumu walitangulia na hospitali zikaja nyuma, ili tuone wa kwanza alifanya nini akiwa peke yake.

Nchi hiyo ipo, nayo ni Ethiopia. Kuanzia 2003 serikali ya Addis Ababa iliajiri wasichana zaidi ya 30,000, ikawafundisha mwaka mzima, ikawalipa mshahara na kuwapeleka wawili wawili katika kila kata ya vijijini. Hawakuwa wa kujitolea wala wa mradi wa miezi mitatu. Basi angalia kilichotokea. Utafiti wa taifa wa 2005 ulikuta vifo 673 vya wanawake katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2011, wasichana wale wakiwa wamekwishaenea nchini, ulikuta 676. Waliojifungulia kituoni walikuwa kama asilimia 10 tu. Lakini katika miaka hiyohiyo matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango kwa wanawake walioolewa yalipanda kutoka asilimia 14 hadi 27, karibu mara mbili. Mahali ambapo kazi nzima ilikuwa mikononi mwao, kueleza, kutoa vidonge, kuchoma sindano, walifanikiwa. Mahali ambapo kazi yao ilikuwa kumpeleka mama kwa mtu mwingine, na huyo mtu mwingine hayupo au hana vifaa, hesabu haikusogea. Baadaye wakunga waliongezwa, wilaya zikapata magari ya wagonjwa, na utafiti wa 2016 ukakuta vifo 412. Wasichana wale hawakubadilika. Kilichobadilika ni kilichokuwa kinawasubiri kule walikompeleka mama.

"Mwenyekiti," anasema muuguzi mkunga, "hayo ningekwambia bila wewe kwenda Ethiopia." Yeye hana subira na hotuba, na hilo ni haki yake, maana ndiye anayekuwa chumbani. Wanawake wanakufa kwa kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, kwa kifafa cha mimba, kwa uchungu pingamizi, kwa maambukizi, kwa mimba zilizotolewa kienyeji. Dawa zake zinajulikana: oksitosini, ambayo lazima ikae kwenye jokofu, na jokofu linataka umeme, magnesiamu salfeti kwa kifafa, damu salama, chumba cha upasuaji. Hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye mkoba wa mhudumu. Anatoa mifano miwili ambayo wapenzi wa wahudumu huwa hawaipendi. Katika wilaya sita za Lindi na Mtwara, wanawake wa kujitolea waliwatembelea wajawazito mara tatu kabla ya kujifungua na mara mbili baada yake. Usafi wakati wa kuzalisha nyumbani uliboreka, wanaonyonyesha maziwa ya mama pekee wakaongezeka, lakini vifo vya watoto wachanga havikutofautiana na vya vijiji visivyotembelewa. Na huko Msumbiji, India na Pakistan wahudumu walipewa vipima presha na dawa za kuanzia ili wawakamate wenye dalili za kifafa cha mimba mapema. Majibu ya jumla yalipotoka mwaka 2020, madhara kwa mama na mtoto hayakuwa yamepungua. Kisha anaweka mezani mfano wake mwenyewe. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania: mfuko wa plastiki wenye alama za kupimia damu anayopoteza mzazi, na matibabu yote kutolewa kwa mpigo badala ya kusubiri moja lishindwe ndipo lijaribiwe la pili. Kutokwa damu kwa kiwango cha hatari kulipungua kwa asilimia 60. "Nipeni mifuko hiyo, niongezeeni mwenzangu wa zamu ya usiku, halafu ndiyo mniletee wahudumu wenu."

Mhudumu ananyanyua mkono. "Dada, nikikuletea mzazi saa nane za usiku, utampokea?"

"Nitampokea, mdogo wangu. Lakini damu sina, na gari liko wilayani."

"Sasa nifanyeje? Nimwache nyumbani hadi mpate damu?"

Muuguzi hana jibu la swali hilo, na hapo ndipo nami naachana naye. Yeye anaanza kuhesabu mama anapofika mlangoni. Mwaka 1994 Sereen Thaddeus na Deborah Maine waliandika uchambuzi ambao bado unatumika kote: mama huchelewa mara tatu, kwanza katika kuamua kutafuta msaada, pili katika kufika, tatu katika kuhudumiwa akishafika. Muuguzi anaijua ya tatu kuliko mtu yeyote. Ile ya kwanza haioni kabisa, kwa sababu hutokea ndani ya nyumba ambayo hajawahi kuingia. Utafiti wa 2015-16 ulionyesha kwamba karibu wajawazito wote wa Tanzania, asilimia 98, walihudhuria kliniki angalau mara moja, lakini walioanza katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa asilimia 24. Mlango wa kliniki haujapotea, basi, wanaujua. Wanaufikia mimba ikiwa na miezi mitano au sita, wengine ili tu wapate kadi wasije wakagombezwa siku ya kujifungua. Presha inayopanda, upungufu wa damu, kovu la upasuaji wa mimba iliyopita: yote hayo yanakuwa yamekaa kimya miezi kadhaa kabla ya mtu yeyote mwenye kipimo kuyaona.

Mazungumzo yanayovunja kimya hicho yanastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndiyo kazi yenyewe, na picha za uzinduzi haziyaonyeshi. Mhudumu anakaribishwa mkekani. Anaomba kadi ya kliniki, anatazama tarehe, anahesabu miezi pamoja na mama. Halafu anaanza maswali ambayo hayana utaalamu wowote wa kidaktari ndani yake. Utajifungulia wapi? Nani atakusindikiza, na yeye akiondoka nani atalala na watoto? Pikipiki ya nani, na namba yake iko kwenye simu ya nani? Nani wa damu ya kundi lako yuko tayari kuchangia? Kanga, beseni na glavu vimeshanunuliwa? Kisha linakuja lile ambalo mara nyingi ndilo linaloamua: uchungu ukianza baba yuko machimboni au kwenye uvuvi, ruhusa ya kuondoka nani anaitoa? Katika nyumba nyingi jibu ni mama mkwe, na mama mkwe alizalia nyumbani watoto wake wote na haoni haraka ya nini. Hapo mhudumu anatakiwa aseme na huyo mama, kwa adabu, leo, mimba ikiwa na miezi sita, wala si siku ya damu. Muuguzi mwenye foleni ya wajawazito arobaini kwenye benchi hawezi kuuliza hayo, na hata akiuliza, wa kujibu hakuja naye.

Je, kuna ushahidi kwamba maneno matupu huokoa mtu? Upo, na unatoka mahali ambapo kilichojaribiwa ni mazungumzo, si dawa. Majaribio saba yaliyofanywa Nepal, India, Bangladesh na Malawi yaliwakusanya wanawake katika vikundi vya kijiji, wakiongozwa na mwanamke wa palepale asiye muuguzi, wakajadili matatizo ya uzazi na kuyatafutia njia wenyewe: mfuko wa dharura, machela, zamu ya kusindikiza. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa 2013 uliona kwamba katika vijiji ambavyo angalau theluthi ya wajawazito walishiriki, vifo vya akina mama na vya watoto wachanga vilipungua kwa kiasi kikubwa. Pale waliposhiriki wachache, faida haikuonekana. Mimi nasoma hapo jambo moja ambalo mpango wetu haujalitilia mkazo wa kutosha. Mhudumu anayemtembelea mama mmoja mmoja anamwelimisha mama. Mhudumu anayekutanisha kijiji anawabana pia wale wanaomzuia mama.

Lipo na la baada ya kujifungua, ambalo linasahaulika hata na afisa. Katika utafiti huo wa 2015-16, wanawake waliochunguzwa ndani ya siku mbili baada ya kujifungua walikuwa asilimia 34 tu. Yaani taifa lilihangaika kumfikisha mama kituoni, akajifungua, akarudishwa kwake na kanga zake, kisha macho yote yakaondoka. Lakini siku hizo za kwanza ndizo damu inazoweza kurudi kwa nguvu, ndizo homa ya maambukizi inazoanza, na kifafa kinaweza kuja hata mimba ikiwa haipo tena. Katika jamii nyingi, za pwani na za bara, mzazi hukaa ndani. Wengine hadi arobaini. Kwa mila hiyo mwenyewe hawezi kwenda kwa muuguzi, na muuguzi hana nafasi ya kumfuata. Anayeingia chumbani bila kushangaza mtu ni mwanamke wa kitongoji hichohicho, ambaye atauliza kanga ngapi zimelowa tangu asubuhi, atamshika mzazi paji la uso, atamtazama mtoto anavyonyonya. Kama ningelazimishwa kumpa mhudumu kazi moja tu kati ya zote, ningempa hii.

Hapo ndipo Bibi anapoingia. "Wajukuu zangu, hamjambo. Naona mnamsifu huyu binti kwa kazi yangu. Mimi nilifundishwa na serikali, nikapewa kisanduku chenye wembe, uzi na sabuni. Halafu mkaja mkasema nisimguse mzazi tena. Na huyu mtamtupa lini?" Wajukuu wanamwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, na swali lake linabaki palepale.

Kwa maoni yangu hakuna pingamizi kali kuliko hilo katika mjadala wote. Azimio la Alma-Ata la 1978 liliweka watu wa jamii yenyewe, wakunga wa jadi wakiwamo, katika huduma ya afya ya msingi, na mkutano wa uzazi salama uliofanyika Nairobi mwaka 1987 ulipolitangaza tatizo la vifo vya wajawazito kwa dunia nzima, kuwafundisha wakunga hao kulikuwa bado ni njia inayotegemewa. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 mwelekeo uligeuka, ukahimizwa uzazi unaosimamiwa na mtaalamu, kwa sababu mafunzo yale hayakuwa yameshusha vifo vya akina mama. Bibi hakuwa na kosa. Alipewa kazi ya saa ile ngumu kuliko zote bila vifaa vya saa ile. Mhudumu wa leo atafuata njia hiyohiyo endapo, kwa uhaba wa wakunga, mtu atamwambia "basi zalisha tu". Na Bibi hakupaswa kutupwa. Mama anamwamini kwa sababu Bibi hamgombezi, anampikia uji, anamkanda mgongo. Apewe nafasi ya msindikizaji, akae na mzazi wodini, na muuguzi ajifunze kwake namna ya kusema na mtu mwenye uchungu. Muuguzi ananiangalia vibaya, lakini habishi.

Bibi amegusa na jambo la pili bila kulitaja: nani analipa. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 Tanzania iliwahi kuwa na wahudumu wa afya vijijini, waliochaguliwa na vijiji na kutakiwa kutunzwa na vijiji hivyo. Miaka ya 1980 uchumi ulipobana, vijiji havikuwa na cha kuwapa, na wengi walirudi mashambani. Hata katika muongo uliopita yalianzishwa mafunzo ya mwaka mzima kwa wahudumu wa jamii, na wengi waliohitimu hawakupata ajira waliyoitarajia. Mchumi wa halmashauri anafungua kikokotoo chake. "Mwenyekiti, tufanye hesabu ya nyumbani. Tuseme kila mmoja apewe laki moja tu kwa mwezi. Wahudumu 137,294 mara laki moja mara miezi kumi na miwili ni shilingi bilioni 164 na ushei kila mwaka, kabla ya mkoba, simu, mafunzo na usimamizi. Wafadhili tuliowategemea mmewaona Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada na miradi ikafungwa wiki hiyohiyo. Kwa nini watu wasijitolee? Si ni vijiji vyao?"

Nampa haki yake: hesabu ni sahihi, na hofu yake ya wafadhili ni ya kweli. Lakini neno kujitolea limetumika muda mrefu kuficha jambo lisilopendeza. Wanaoombwa kujitolea katika afya ya uzazi ni wanawake zaidi, tena wanawake walewale wenye shamba, maji ya kuchota na watoto wa kulea, huku dereva wa semina na mwandishi wa ripoti yake wakilipwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2018 likishauri wahudumu wa jamii walipwe kwa kadiri ya kazi yao, na malipo yasitegemee tu au zaidi idadi ya walichotimiza. Ndiyo maana nasema, kama fedha haitoshi kwa wote, idadi ndiyo ipunguzwe, malipo yabaki. Mhudumu mmoja kwa kitongoji, anayelipwa kila mwezi bila kukosa, katika vitongoji vilivyo mbali na zahanati kwanza, ana thamani kuliko wawili wanaolipwa robo hii na kusahauliwa ijayo. Mchumi anacheka. "Hapo unanigombanisha na madiwani, Mwenyekiti. Nani atakubali kata yake ingoje?" Sina jibu la kumfurahisha diwani.

Mhudumu mwenyewe amesema kidogo mpaka sasa, na si ajabu, ndivyo ilivyo hata kwenye vikao. Lalamiko lake kubwa si posho. Ni kwamba kila mradi unamwona kama miguu ya bure: malaria wana daftari lao, kifua kikuu lao, lishe lao, chanjo lao, vyoo lao. Mjamzito anakuwa ukurasa mmoja kati ya mingi. Zanzibar imejaribu kulitatua hili kupitia Jamii ni Afya, mpango ambao wahudumu wanaongozwa na programu moja kwenye simu, inayowaambia wamtembelee nani na waulize nini. Ni hatua nzuri. Simu, hata hivyo, haizuii ulimi, na hapa kuna pingamizi ambalo sijaliona likijibiwa vizuri popote. Mhudumu ni jirani. Binti wa shule aliyepata mimba, mke aliyeanza dawa za kupunguza makali ya VVU, mwanamke anayetumia sindano za uzazi wa mpango bila mumewe kujua: hawa ndio walio hatarini zaidi, na hawa ndio watakaomkwepa jirani kwanza. Ukaribu unaomfungulia mlango mmoja unamfungia mwingine. Kinachoweza kusaidia ni mafunzo makali ya kutunza siri, adhabu ya kweli kwa anayeivunja, na uchaguzi unaofanywa mkutanoni mbele ya watu, mwenyekiti wa kitongoji asipate nafasi ya kumwingiza mpwa wake. Hata hivyo baadhi ya wanawake wataendelea kupendelea kwenda kliniki ya mbali wasikojulikana, na mhudumu anapaswa kuwasaidia kufika huko bila kuhoji.

Linabaki swali la afisa, ambaye amekaa akiandika: "Sasa tutawapimaje hawa watu, kama si kwa vifo?" Hebu tufanye hesabu nyingine. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Ukiwagawa kwa vitongoji na mitaa inayolengwa na mpango, unapata watu kama 900 kwa kila kitongoji, na watu 900 wa kijijini huzaa watoto wapatao thelathini kwa mwaka. Kwa kiwango cha vifo 104 kwa vizazi 100,000, kitongoji cha kawaida kingepata kifo kimoja cha mzazi katika miaka kama 32. Hata kwa kile kiwango cha 238, ni miaka 14. Mhudumu anaweza kuwa mzembe maisha yake yote na asionekane, au kuwa hodari na akalaumiwa kwa kifo kimoja kilichosababishwa na jokofu bovu la zahanati. Kwa hiyo vifo vipimiwe hospitali na mfumo mzima. Yeye apimwe kwa yaliyo mikononi mwake: mimba ngapi alizijua kabla ya miezi minne, nyumba ngapi zina mpango wa kujifungua ambao na baba na mama mkwe wanaujua, wazazi wangapi walitembelewa ndani ya siku mbili, wangapi waliotaka uzazi wa mpango waliupata. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyopewa. Kati ya 2015-16 na 2022 matumizi ya njia za kisasa kwa wanawake walioolewa Tanzania hayakupanda. Yalikuwa asilimia 32, yakawa 31. Ethiopia ilionyesha kwamba eneo hilo ndilo ambalo mhudumu aliyefunzwa na kulipwa huleta mabadiliko hata kabla hospitali haijajengwa.

Hukumu yangu ya kikao, basi, ni kwamba tunamsifu mhudumu kwa kazi asiyoifanya na hatumlipi ipasavyo kwa ile anayoifanya. Yeye haokoi mama anayetokwa damu. Anamwokoa na ucheleweshaji wa nyumbani, kisha anamkabidhi kwa mtu mwingine, na kila shilingi inayotolewa kwake bila kutolewa kwa yule anayempokea ni ahadi nusu. Vikao vya kujadili vifo vitokanavyo na uzazi hufanyika katika vituo na wilaya. Aitwe humo naye, si kwa ajili ya kushtakiwa, bali kwa sababu ndiye anayejua kilichotokea tangu uchungu ulipoanza hadi pikipiki ilipofika.

Bajeti za halmashauri hupitishwa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Wewe unayesoma haya na una sauti kwenye baraza la madiwani au mkutano mkuu wa kijiji chako, uliza posho ya mhudumu imeandikwa kwenye fungu gani, uliza jokofu la zahanati linafanya kazi, uliza usiku yuko nani zamu. Ukijibiwa kwa idadi ya wahudumu waliohitimu mafunzo, uliza tena.